Jibu la tokeni ya usalama: WS-Trust, JWT au tokeni fumbo? Ulinganisho kwa waandishi wa programu wa Tanga

Mifumo ya kompyuta ya ofisi za Tanga imeacha zamani kuishi kila mmoja kivyake. Programu ya wakala wa forodha anayefuatilia makontena bandarini hulazimika kuzungumza na mfumo wa kampuni ya meli iliyoko ng'ambo, na mfumo wa benki, na mara nyingine na mfumo wa mteja aliyeko Moshi au Arusha anayeusubiri mzigo wake. Na kila mmoja wa hao, kabla hajatoa taarifa yoyote, hudai aonyeshwe tokeni ya usalama, yaani hati ya kidijitali ambayo seva maalumu (mtoaji) huitoa kueleza mwombaji ni nani na ana ruhusa gani. Kuiomba tokeni si kazi kubwa, kwa kuwa maktaba nyingi za programu hulimaliza jambo hilo kwa mistari michache. Kazi iko kwenye jibu: kujua ni kipi kisomwe na kipi kiachwe kama kilivyo, kihifadhiwe kwa muda gani, na huduma inayoipokea tokeni ile iikubali kwa ushahidi upi.

Ulinganisho huu unahusu njia tatu ambazo mwandishi wa programu atakutana nazo. Ya kwanza ni WS-Trust, kiwango cha kuomba na kutoa tokeni, ambayo jibu lake ni XML (data iliyoandikwa kwa lebo) ndani ya bahasha ya SOAP, muundo wa ujumbe kati ya programu, na tokeni yake kwa kawaida ni hati ya SAML, yaani XML iliyosainiwa inayomweleza mtumiaji. Ya pili ni OAuth 2.0, kiwango cha kutoa ruhusa za kufikia huduma, yenye tokeni ya JWT (JSON Web Token), inayojieleza yenyewe kwa kuwa taarifa zote na sahihi ya mtoaji zimo ndani yake. Ya tatu ni OAuth 2.0 hiyo hiyo, ila tokeni ni fumbo, yaani mfuatano wa herufi usio na maana kwa anayeushika, na huduma inayoupokea hulazimika kumuuliza mtoaji kama bado ni halali. Mabishano mengi huishia kwenye XML na JSON (muundo wa data wa majibu ya OAuth), ni ipi nyepesi na ni ipi nzito. Kwa maoni yangu, hilo ni swali la pili. Swali la kwanza ni nani anapaswa kuwa na uwezo wa kuikataa tokeni ambayo imekwisha kutolewa, na kwa haraka kiasi gani. Likijibiwa hilo, sehemu kubwa ya uchaguzi huwa imekwisha kufanyika.

Jibu la WS-Trust

Hii ndiyo kongwe kuliko zote tatu. Toleo la 1.3 lilipitishwa na OASIS, shirika la viwango, kuwa kiwango rasmi Machi 2007, na la 1.4 likafuata Februari 2009. Kabla ya hapo palikuwa na rasimu ya Februari 2005, ambayo watengenezaji wakubwa walikwisha kuiingiza katika bidhaa zao, na ambayo hadi leo haijafa. Anayeandika msimbo wa kupokea majibu anapaswa kuikumbuka rasimu hiyo daima. Kwa mujibu wake, mzizi wa jibu ni RequestSecurityTokenResponse moja kwa moja. Katika toleo la 1.3, jibu la mwisho la kutoa tokeni hufungwa ndani ya RequestSecurityTokenResponseCollection, hata kama tokeni iliyomo ni moja tu. Nafasi ya majina ya XML (namespace, anwani inayotofautisha msamiati wa toleo moja na jingine) nayo hubadilika, ya kwanza ikiishia na 2005/02/trust na ya pili ikiishia na ws-trust/200512. Seva ya kutoa tokeni ya AD FS ya Microsoft, kwa mfano, huweka anwani za matoleo yote mawili, moja ikiwa na 2005 ndani yake na nyingine ikiwa na 13, hivyo anwani, ombi na msimbo wa kusoma jibu lazima vyote vitatu viwe vya toleo moja.

Ndani ya jibu kuna elementi (vipande vya XML vyenye lebo) kadhaa ambazo hazifai kuchanganywa. RequestedSecurityToken hubeba tokeni yenyewe. Lifetime hueleza tokeni inaanza lini na inakwisha lini. AppliesTo hutaja huduma iliyolengwa. RequestedProofToken huhusu ufunguo ambao mteja, yaani programu inayoomba tokeni, atautumia kuthibitisha kwamba tokeni ile ni yake na hakuiokota. Kisha zipo RequestedAttachedReference na RequestedUnattachedReference, ambazo humwonyesha mteja namna ya kuitaja tokeni katika ujumbe atakaoutuma. Hizi mbili za mwisho wengi huziruka, ilhali ndizo zinazookoa kazi pale ambapo tokeni imesimbwa kwa ajili ya huduma ya mbali: mteja hawezi kuifungua, hajui kitambulisho kilichomo, na pasipo marejeo hayo hana njia ya kuunganisha tokeni na sahihi ya kidijitali ya ujumbe wake.

Kanuni kuu ya kulishika jibu hili ni kutoigusa tokeni. Hati ya SAML imesainiwa juu ya XML kama mtoaji alivyoipanga, na mtu akiigeuza kuwa kitu cha lugha yake ya programu kisha akaiandika upya, anaweza kuongeza nafasi tupu kati ya elementi au kupoteza tangazo la nafasi ya majina lililokuwa kwenye elementi mzazi. Macho hayataona tofauti yoyote, lakini heshi, yaani alama inayokokotolewa kutoka herufi zote za hati, itaiona, na huduma ya mbali itaikataa sahihi. Ni kweli kwamba W3C, shirika la viwango vya wavuti, ilitoa Julai 2002 utaratibu wa kusawazisha XML kwa namna ambayo kipande kilichokatwa kutoka ndani ya hati kubwa hubeba matangazo yale tu kinayoyatumia, na hati za SAML hutumia utaratibu huo. Lakini utaratibu huo hauondoi nafasi tupu zilizoongezwa na msimbo unaopenda kupanga mistari vizuri. Ishike tokeni kama kipande cha XML kisichoguswa tangu ilipopokelewa hadi inapotumwa, na taarifa unazozihitaji zisome kutoka elementi zinazoizunguka.

Saa nazo zina balaa lake, na hapa kwetu balaa hilo lina sura maalumu. Tuchukue jibu ambalo Lifetime yake ina Created ya 06:00:00Z na Expires ya 07:00:00Z. Herufi Z iliyo mwishoni maana yake ni saa za ulimwengu, nasi tuko saa tatu mbele. Kwa hiyo tokeni hii imezaliwa saa tatu asubuhi ya Tanga na itakwisha saa nne asubuhi. Programu ambayo hutupa herufi ile moja na kuisoma 07:00 kama saa ya hapa, itaona kwamba tokeni ilikwisha saa moja asubuhi, yaani kabla haijatolewa. Haitaanguka wala kutoa kosa. Itaomba tokeni mpya kila inapotaka kuiita huduma, na siku nzima itamtwanga mtoaji kwa maombi hadi mtu wa upande wa pili aanze kuuliza kulikoni. Kosa la kinyume chake hutokea kwa anayeziandika saa za hapa kisha akazibandika Z: tokeni yake huonekana kwa wengine kuwa itaanza kutumika baada ya saa tatu zijazo, nao huikataa kwa haki kabisa.

Kuhusu ufunguo wa uthibitisho, mambo yanayowezekana ni matatu, na msimbo mzuri huyashughulikia yote. Huenda RequestedProofToken ikaleta ufunguo wenyewe, ama wazi ndani ya BinarySecret ama umesimbwa, nao ndio utumike. Huenda ikaleta ComputedKey pekee, na hapo mteja hukokotoa ufunguo kwa kanuni ya P_SHA1, akichanganya nasibu (data isiyotabirika) aliyoituma yeye kwenye ombi na nasibu ambayo mtoaji ameirudisha ndani ya Entropy, kwa mpangilio huo huo na si kinyume chake. Au huenda elementi hiyo isiwepo kabisa, ambapo nasibu ya mteja aliyoituma ndiyo ufunguo. Anayeandika msimbo kwa kuangalia jibu moja tu la majaribio hushughulikia hali moja kati ya hizo, na mradi husimama siku ambayo upande wa pili umebadilisha mipangilio.

Makosa hufika kwa njia isiyozoeleka na waliokulia kwenye JSON. Katika SOAP 1.1 kila kosa husafiri na namba 500 ya HTTP, hata pale ambapo kosa lenyewe ni FailedAuthentication, yaani nywila si sahihi. Ofisi nyingi zina kanuni ya jumla isemayo kwamba seva ikijibu 500 basi ombi lirudiwe baada ya muda mfupi; kanuni hiyo ikiachwa ifanye kazi hapa, nywila mbovu itarudiwa hadi akaunti ifungwe. Soma kwanza kilichomo ndani ya Fault, elementi ya kosa, ndipo uamue kama kuna haja ya kurudia. Kinyume chake nacho kipo: ukimwomba mtoaji aithibitishe tokeni, jibu la kwamba tokeni ni batili hufika na 200 safi, na hukumu yenyewe imo ndani ya Status.

Upande wa mpokeaji wa tokeni, hatari kubwa ni ile ya kuthibitisha sahihi ya elementi moja kisha kusoma jina la mtumiaji kutoka elementi nyingine. Mshambuliaji huhamisha sehemu iliyosainiwa mahali pengine ndani ya hati, akaweka ya kwake mahali pa kwanza, na programu isiyo makini husema sahihi iko sawa huku ikimkaribisha mgeni. Utafiti uliowasilishwa mwaka 2012 katika mkutano wa usalama wa USENIX ulichunguza mifumo 14 iliyokuwa ikitumia SAML na kukuta 11 ikiwa na udhaifu mkubwa wa aina hiyo, ikiwemo bidhaa zilizotengenezwa na watu wazito. Kwa hiyo wazo la kuandika mwenyewe msimbo wa kuhakiki sahihi za XML, hata kwa mtu hodari, silipendekezi hata kidogo. Tumia maktaba inayotunzwa, izuie isisome rasilimali za nje zilizotajwa ndani ya XML, na uhakikishe kwamba elementi unayoisoma ni ile ile iliyosainiwa.

Pamoja na hayo yote, haifai kuidharau WS-Trust. Uthibitisho wa umiliki wa ufunguo umo ndani yake tangu awali, ujumbe unaweza kupita kwa wasafirishaji wa kati bila wao kuuona, na kuhuisha, kufuta na kuthibitisha tokeni vyote vimo katika mkataba mmoja. Mambo hayo OAuth iliyaongeza kidogo kidogo baadaye, kila moja katika waraka wake.

Jibu la OAuth lenye JWT

OAuth 2.0 ilitoka Oktoba 2012 kama RFC 6749 (RFC ni nyaraka za viwango vya intaneti), na JWT ikapata waraka wake, RFC 7519, Mei 2015. Jibu ni JSON fupi yenye access_token, token_type, expires_in, na pengine refresh_token na scope. Mtu aliyetoka kwenye XML hupumua anapoliona, na hapo ndipo uzembe huanzia.

Thamani ya expires_in ni muda na wala si saa ya siku. Ikiwa ni 3600, tokeni itaishi sekunde hizo tangu ilipotolewa, kwa hiyo mteja lazima aandike alipoipokea, kisha apunguze dakika moja au mbili za tahadhari. Balaa la herufi Z halipo, kwa kuwa hata ndani ya JWT muda wa kwisha huandikwa kama idadi ya sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970 kwa saa za ulimwengu. Hili pekee limenifanya niipendelee njia hii kwa timu ndogo.

Kipengele cha scope, yaani orodha ya ruhusa, kinahitaji uangalifu zaidi ya kinavyopewa. Tuseme programu ya wakala imeomba ruhusa mbili, mizigo.soma na mizigo.achia, na mtoaji akajibu kwa 200 huku scope ikiwa na mizigo.soma peke yake. Hilo ni jibu halali kabisa. Kiwango kinamruhusu mtoaji kupunguza, mradi tu aseme amepunguza. Mteja asiyesoma scope atamwacha karani ajaze fomu nzima ya kuachia kontena, na kumkatalia kwenye kitufe cha mwisho, wakati jibu la kwanza lilikwisha kumwambia mapema kwamba ruhusa hiyo hana.

Mteja hana haja ya kuifungua JWT aliyopewa. Kuifungua ni rahisi, kwa sababu maandishi yake hayakusimbwa bali yamegeuzwa tu kwa base64url (njia ya kuandika data kwa herufi za kawaida bila kuificha), na urahisi huo humvuta mtu asome jina au cheo cha mtumiaji kutoka humo. Kwa mteja, tokeni ya kufikia huduma ni fumbo hata kama inasomeka. Mtoaji anaweza kubadilisha umbo lake kesho bila kumwarifu mtu, na hatakuwa amevunja mkataba wowote.

Anayepaswa kuisoma ni huduma inayoipokea, na ukaguzi wake ni lazima uwe kamili. Ahakiki sahihi kwa ufunguo wa umma wa mtoaji, akitumia kanuni ya kusaini aliyoipanga yeye mwenyewe na wala si ile iliyotajwa kwenye kichwa cha tokeni. Tahadhari hii ilitokana na udhaifu uliotangazwa mwaka 2015, ambapo maktaba kadhaa zilikubali tokeni iliyotaja kwamba haina sahihi kabisa, na nyingine zilidanganywa zikautumia ufunguo wa umma kama siri ya kusainia. Kisha akague mtoaji katika iss, mlengwa katika aud, na muda katika exp na nbf. Kati ya hivyo, aud ndiyo inayosahaulika zaidi, na tokeni iliyotolewa kwa ajili ya huduma ya ripoti ikaweza kufungua huduma ya malipo kwa sababu tu zote mbili zina mtoaji mmoja. Funguo za mtoaji zihifadhiwe kwa muda, na ikija tokeni yenye kitambulisho cha ufunguo usiofahamika, zichukuliwe upya, lakini kwa kiwango kilichowekewa mpaka, la sivyo mtu yeyote anaweza kuilazimisha huduma yako imsumbue mtoaji usiku na mchana.

Udhaifu wa asili wa JWT ni kwamba haiwezi kurudishwa. Karani akiachishwa kazi saa tano asubuhi, na tokeni yake ilitolewa saa tano kasorobo kwa muda wa saa moja, ataendelea kukubaliwa hadi saa sita kasorobo na kila huduma inayohakiki sahihi pekee. Kufunga akaunti yake kutazuia tokeni mpya tu. Mtu anaweza kutunza orodha ya tokeni zilizokatazwa, lakini kila huduma italazimika kuiangalia orodha hiyo, na hapo faida ya tokeni inayojieleza yenyewe inaanza kuyeyuka.

Tokeni fumbo na kuulizia

Tofauti iliyopo inaeleweka vizuri getini mwa bandari. Hati yenye mhuri humwezesha mlinzi kumpitisha dereva kwa kuitazama tu. Namba tupu iliyoandikwa kwenye karatasi humlazimu apige simu ofisini kila gari linapofika, ila ofisi ikibadilisha uamuzi dakika ile, gari halipiti.

Utaratibu wa kuulizia umeandikwa katika RFC 7662 ya Oktoba 2015. Huduma iliyopokea tokeni huituma kwa mtoaji, ikijitambulisha na yenyewe, nayo hurudishiwa JSON ambayo kipengele chake pekee cha lazima ni active. Tokeni ikiwa imekwisha muda, imefutwa, au haikuwahi kuwepo, jibu ni lile lile: active ni false, na sababu haitolewi. Jibu hilo hufika na 200, kama lile la WS-Trust la kuthibitisha. Msimbo unaoangalia namba ya HTTP pekee utamfungulia mlango kila mtu. Nimeona ukaguzi wa msimbo ukipita juu ya mstari wa aina hiyo bila mtu kushtuka, kwa sababu majaribio yote yalikuwa yametumia tokeni halali.

Gharama ni safari. Mtoaji akiwa kwenye seva ya Dar es Salaam, safari ni fupi na wala haihisiwi. Akiwa Ulaya, hesabu ni ya maumbile zaidi kuliko ya teknolojia: mwanga ndani ya nyuzi husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde, na njia ya kebo ya kilomita elfu kumi kwenda na elfu kumi kurudi hula milisekunde 100 kabla seva haijafanya lolote. Ukurasa unaoita huduma tano kwa zamu, kila moja ikiuliza kivyake, utamfanya mtumiaji aone nusu sekunde ikipotea bure. Kuhifadhi jibu kwa muda hupunguza gharama hiyo, lakini kila sekunde ya kuhifadhi ni sekunde ambayo tokeni iliyofutwa bado inapita, kwa hiyo muda huo upangwe na mwenye biashara anayeijua hasara yake, usiachwe kwenye thamani ya kawaida ya maktaba.

Kisha lipo suala la mawasiliano kukatika. Mei 12, 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu kwa wakati mmoja, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Siku kama hiyo, huduma iliyoko Tanga inayomuulizia mtoaji aliyeko ng'ambo haina jibu la kumpa mtu, na kwa usalama inalazimika kukataa kila ombi, hata la karani aliyeketi chumba cha pili. Huduma yenye JWT na funguo zilizohifadhiwa ingeendelea kuzikubali tokeni zilizokwisha kutolewa, japo kutoa mpya kungekwama vilevile. Hoja hii haiiangushi njia ya kuulizia; inamtaka mwenye mfumo amweke mtoaji karibu na huduma, jambo ambalo kwa mifumo ya ndani ya ofisi linawezekana kabisa.

Upi kwa kazi ipi

Kwa mfumo mpya ambao pande zote mbili ni zako, sioni sababu ya kuanza na WS-Trust leo. Hata mazingira ya programu yamesogea: .NET ya sasa, jukwaa la programu la Microsoft, haikuichukua kutoka ile ya zamani WCF ya upande wa seva, maktaba yake ya huduma za SOAP, na wanaoihitaji hutegemea mradi wa CoreWCF uliofikia toleo la 1.0 mwaka 2022. Uchaguzi unabaki kati ya JWT na fumbo, nao si lazima uwe mmoja kwa mfumo mzima. Kusoma orodha ya meli, kuona hali ya mzigo, kupakua ripoti ya mwezi: hayo yote yanafaa JWT ya dakika tano hadi kumi na tano, kwa kuwa hasara ya karani aliyeachishwa kazi kuiona ripoti kwa dakika kumi zaidi ni ndogo. Kuachia kontena, kuidhinisha malipo, kubadilisha namba ya akaunti ya mteja: hayo yaulizwe kila mara, bila kuhifadhi jibu, na mtumiaji avumilie milisekunde zake. Mseto huu unawezekana kwa tokeni moja, kwa kuwa mtoaji anaweza kuruhusu hata JWT iulizwe; huduma nyepesi zihakiki sahihi, na zile nzito zihakiki sahihi kisha ziulize.

Hali ni tofauti pale ambapo mshirika mkubwa, awe kampuni ya meli au benki, ana mtoaji wa WS-Trust na hana mpango wa kumbadilisha kwa ajili ya ofisi ya Chumbageni. Hapo kosa baya zaidi ni kuiacha XML ile isambae ndani ya mfumo wako, kila huduma ikijifunza kusoma SAML kwa namna yake. Jenga huduma moja ya mpakani: ipokee jibu la WS-Trust, ihakiki, iitunze tokeni ya asili bila kuigusa kwa ajili ya kumrudia mshirika, na kwa ndani itoe tokeni yako yenyewe. Kuna viwango vya kazi hiyo. RFC 7522 huruhusu hati ya SAML itumike kuombea tokeni ya OAuth, na RFC 8693 ya Januari 2020 huweka utaratibu mpana wa kubadilishana tokeni. Katika huo wa pili kuna jambo linalowapoteza wengi: jibu huiweka tokeni mpya katika access_token hata pale ambapo si tokeni ya kufikia huduma, na aina yake halisi hutajwa katika issued_token_type huku token_type ikiwa N_A. Ukiomba upewe SAML kwa njia hiyo, utaikuta imegeuzwa kwa base64url. Muda wa tokeni ya ndani usizidi ule wa tokeni ya asili. Si nadra kukuta tokeni ya mshirika imekwisha saa nne na ya ndani bado inatamba hadi saa sita.

Njia yoyote itakayochaguliwa, jibu zima lisiandikwe kwenye logi. Hati ya SAML aghalabu hubeba jina, barua pepe na namba ya simu, JWT nayo mara nyingi hubeba hivyo hivyo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, haitofautishi kati ya kanzidata na faili la logi lililosahauliwa kwenye seva. Andika kitambulisho cha tokeni, mtoaji, mlengwa na muda wa kwisha. Hivyo vinatosha kufuatilia tatizo.

Kwa anayekaribia kutia saini mkataba na mshirika wa nje, ni vyema aombe mapema majibu ya mfano, na wala si lile moja zuri ambalo kila mtu hutuma. Aombe la tokeni iliyokwisha muda, la tokeni iliyotolewa kwa mlengwa mwingine, la ruhusa zilizopunguzwa, na la nywila isiyo sahihi likiwa na namba zake za HTTP. Kama mshirika anatumia WS-Trust, aulize pia ni toleo lipi, na kama tokeni hutolewa na ufunguo wa uthibitisho au bila huo. Majibu hayo yaingizwe katika majaribio ya msimbo kama yalivyofika, herufi kwa herufi, kabla ya mstari wa kwanza wa huduma yenyewe kuandikwa.